Shamba la karatasi kule Kizuka

Mukubwa wangu aliponionyesha shamba la baba yetu kule Kizuka, alinionyesha kwa mguu. Hakunyoosha mkono. Alisukuma bonge la udongo kwa kidole gumba cha mguu, akasema: "Lima hapa mpaka kule. Maharagwe, muhogo, viazi, chochote. Lakini muti usipande."

Mtu wa mbali akisikia hivyo atasema, eh, kaka mwema, amempa mdogo wake shamba. Mtu wa huku anajua nimetukanwa. Huku kwetu mtu ukimwazima ardhi ndivyo unavyomwambia: panda kinachovunwa upesi, usipande kinachokaa. Muhogo ukishang'olewa umeondoka, lakini mti unasema. Wewe umelala, wenyewe umesimama unawaambia wapita njia: aliyenipanda ndiye mwenye mahali hapa. Mgeni hapandi mti, anayepanda ni mtoto wa nyumbani. Kwa hiyo mukubwa wangu, baba mmoja mama mmoja, aliniambia kwa kidole gumba cha mguu kwamba mimi ni mgeni.

Nimweleze na yeye, nisije nikaonekana namsengenya bure. Namsengenya kwa sababu. Tulipokimbia vita kwenda Tanzania mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, yeye alikuwa na surua. Mama akaogopa kumpakia mwenye surua kwenye mtumbwi uliojaa watoto wa watu, akamwacha kwa shangazi pale Magara, akasema tutarudi baada ya wiki. Hiyo wiki ikawa uzee. Mimi nimekulia kambini, nimeoa kambini, na nilirudi na mke, watoto, masufuria na Kiswahili kirefu ambacho mukubwa wangu hawezi kukivumilia. "Huyu anaongea kama redio," anawaambia watu pale ufukweni Magara, anakouza ndagala, dagaa wa ziwani, na mke wake. "Ukimuuliza habari, anaanza na salamu za wasikilizaji." Yeye Kiswahili chake ni cha ufukweni, nusu Kirundi nusu Kikongomani, na Kifaransa kidogo juu kama chumvi. Tunaelewana vizuri sana tunapotukanana.

Basi nikalima muhogo. Nikalima tena muhogo. Mke wangu hakusema neno misimu mingi, halafu siku moja, tunamenya, akaniuliza: "Baba watoto, sisi tukifa watatuzika wapi? Kwa sababu kaburi nalo linakaa."

Hilo swali lilinikaa kooni. Nilikuwa bado nalimeza wakati kijana wa proje alipokuja.

Proje gani, sijui. Huku proje, miradi ya wafadhili, zina majina ya herufi tupu, na mimi shuleni nilikaa muda wa kuzijua herufi, sikukaa muda wa kujua zikikutana zinasema nini. Alikuja na pikipiki, buti, na kofia za kugawa zenye picha ya jani. Akatukusanya mbele ya duka la mawese, akasema dunia imebadilika. Mti wa zamani ulikuwa unangojwa unenepe, babu anapanda, mjukuu anakata, na mjukuu mwenyewe anakata akiwa na mvi. Sasa iko mikaratusi ya haraka. Hainenepi, na haina haja ya kunenepa. Ikifika unene wa mkono wa mtu mzima inatosha: mashine inaikata vipande, inaitafuna, inaipika inakuwa uji, na ule uji ukianikwa unakuwa karatasi. Mingine inasagwa, inagandishwa kwa gundi, inakuwa mbao pana za meza na milango.

"Uji wa miti?" mama mmoja akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na sukari munatia?"

Kijana akacheka. Sisi hatukucheka, tulikuwa tunataka kujua.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Kule Tanzania niliwahi kupakia tumbaku kwenye malori, na mara moja lori letu lilipita upande wa kusini karibu na kiwanda cha karatasi. Nilikiona? Sikukiona. Nilikuwa juu ya marobota, chini ya turubai. Nilikinusa. Kilinuka kama mayai yaliyosahauliwa na kuku wake. Lakini kwa mtu wa Kizuka, aliyetoka Tanzania ameona kila kitu, na sisi tuliotoka kule hatujawahi kumkatalia mtu. Nikasimama, nikasema: "Mimi nakijua. Miti inaingia upande huu, daftari zinatoka upande ule, zimeshapigwa mistari." Watu wakapiga makofi. Kijana wa proje mwenyewe akaniangalia kwa wivu, maana yeye alikuwa hajafika.

Ushahidi wangu ule ndio uliowafanya majirani wang'oe migomba wapande miche ya proje. Wananikumbusha mpaka leo, na mimi nawaambia ningejua pua yangu inaaminika hivyo ningegombea ubunge.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu nyingine. Nilijiambia hivi: mti uliokatazwa ni mti unaokaa. Huu haukai, unapandwa ili uliwe na mashine. Tena mche si wangu, ni wa proje. Kwa hiyo nikiupanda sijapanda mti, nimepanda karatasi ambayo haijakauka. Nikachukua miche, nikaijaza shamba lote lile nyuma ya kibanda changu, mistari imenyooka kama wanajeshi, na mke wangu akawa ananipa maji bila kuniambia kitu. Mke akikupa maji bila kusema kitu, kaa chonjo.

Mukubwa wangu alipata habari kabla sijanawa mikono. Akapanda kutoka Magara, akasimama kwenye mpaka wa shamba.

"Nilikuambia nini?"

"Usipande mti."

"Na hii iko nini?"

"Karatasi."

Akainama, akaufinya mche mmoja. "Hii iko na mizizi."

"Karatasi ya kisasa."

"Wewe mudogo wangu, Tanzania walikufundisha kuongea, hawakukufundisha aibu? Muti ni muti."

"Muti unaokatwa ukiwa mchanga ni mboga," nikamwambia. Nilijivunia sana jibu lile. Yeye akaondoka bila kuaga, na mtu wa ufukweni akiondoka bila kutukana, ujue amekwenda kuchukua kitu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani, na mahubiri yalikuwa marefu kidogo, yalihusu subira. Niliporudi nikakuta mikaratusi yangu imezaa. Kati ya kila miche miwili yangu umesimama mmoja wake, umenyweshewa maji, umewekewa majani makavu shinani. Alikuwa amekwenda kwenye pepinieri ileile, kitalu cha miche cha proje, kwa kijana yuleyule, akapewa miche ileile na kofia juu. Mti unasema, sivyo? Basi alikuja kusema na yeye, tena katikati ya sentensi zangu.

Tukaitana mbele ya bashingantahe, wale wazee wanaoamua ugomvi wa watu. Wakaja, wakakaa kwenye benchi la mbele ya duka, wakaomba bia ya kusafisha koo. Koo zao zilikuwa chafu sana siku hiyo. Kila mmoja wetu akasema yake. Mimi nikaeleza habari ya karatasi kwa Kiswahili kizuri, wakanisikiliza kama watu wanavyosikiliza taarifa ya hali ya hewa ya nchi nyingine. Mwisho mkubwa wao akasema:

"Wa kwanza alipanda bila ruhusa. Wa pili alipanda bila akili. Kwa hiyo asikate mtu. Atakayekata fito hata moja amejiita mwenye shamba mbele ya mwenzake, na kesi inaanza upya."

"Na bia?" akauliza mzee wa pembeni.

"Na bia."

Hivyo ndivyo tulivyopata msitu. Mikaratusi miwili ikipandwa mahali pa mmoja haigombani kama watu, inakimbilia juu. Kila mmoja unataka kuliona jua kabla ya mwenzake, unasahau kula. Ikawa mirefu ajabu na myembamba ajabu, imesimama pamoja kama vijana wa mjini wanaongoja kazi. Muhogo chini yake ukakata tamaa. Kisima cha jirani wa chini kikaanza kukohoa, akaja kunilaumu, nikamwelekeza Magara.

Kijana wa proje aliporudi na wakubwa wake, nilidhani atatugombeza. Alishangilia! Aliwaambia wale wakubwa kwamba wakulima wa hapa wameelewa kuliko somo lenyewe, wamepanda kwa kubanana ili wapate fito nyingi. Wakatupiga picha, mimi na mukubwa wangu, tumesimamishwa bega kwa bega mbele ya msitu kama mfano wa ndugu wanaoshirikiana. Tulikuwa hatujasemezana tangu ile kesi. Kwenye picha tunaonekana tumeuma meno. Wao walidhani tunatabasamu.

"Na kiwanda?" nikauliza.

Kiwanda kilikuwa njiani. Mara ya kwanza kilikuwa kinajengwa Bujumbura. Baadaye nikaambiwa kitakuwa ng'ambo, Congo, miti itavuka ziwa kwa boti. Baadaye tena wakasema soko zuri liko Tanzania. Nikasema moyoni, kumbe kile nilichokinusa ndicho hichohicho, kimekuwa kinazunguka ziwa kikitafuta mahali pa kukaa, mkimbizi kama sisi. Halafu pikipiki haikuja tena. Proje iliisha. Ugonjwa unaacha kovu, proje inaacha kofia.

Mbao nazo tulijaribu, nisiseme hatukujaribu. Upepo uliangusha mti mmoja, na upepo haukuwa umeitwa kwenye kesi, kwa hiyo ule mti haukukatwa na mtu. Nikaupeleka kwa seremala wa mjini Rumonge, mtu wa Uvira mwenye maneno matamu, akaupasua vibao vyembamba, akaviunga akatengeneza benchi la kanisa. Benchi zuri. Jumapili ya kwanza likakaliwa na mama wa kwaya. Jumapili ya pili lilikuwa limeanza kujinyonga, upande mmoja unatazama altare, wa pili unatazama mlango. Kufika Pasaka, aliyekaa mwanzo na aliyekaa mwisho walikuwa wamepeana mgongo, na walikuwa na ugomvi wao, wakafurahi. Mkaratusi mchanga una hasira ndani. Ukikaukia kwenye mti wake unapasuka, ukikaukia kwenye benchi unapinda. Seremala aliniambia kosa ni la kwaya, wanaimba wakiyumba.

Ndipo ziwa likapanda.

Aliye huku pwani ya Tanganyika sina haja ya kumwambia. Ziwa lilikuja polepole kama mgeni anayesogeza kiti. Kwanza lilichukua mahali pa kuanika ndagala, halafu njia, halafu likaingia Magara kwenye nyumba za watu. Nyumba ya mukubwa wangu ilikuwa ya rukarakara, matofali mabichi ya udongo. Ukuta wa rukarakara ukilowa hauanguki kwa kishindo, unakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Ulikaa chini yeye na mke wake wakiwa wanautazama. Wakahamia kwenye chumba cha kuwekea nyavu cha mvuvi mmoja Mukongomani, wakalala juu ya makamba.

Sasa kila mtu wa ufukweni alitaka kujenga juu, na kila nyumba inataka nguzo na fito. Mafundi wa Rumonge wanataka fito za kupandia kuta za ghorofa. Wavuvi wanataka miti mirefu myembamba ya kuunganishia mitumbwi yao. Mikaratusi ya majirani ilishachomwa makaa zamani. Ghafla ule msitu wetu, uliokataa kuwa karatasi na ukashindwa kuwa benchi, ukawa ndio kitu pekee ambacho watu walikuwa wanakitafuta. Na hakuna wa kuukata.

Fikirini wenyewe. Mimi nikikata, nimejiita mwenye shamba, mukubwa wangu ananipeleka kwenye kesi na kunifukuza kabisa, na mke wangu anapata jibu la swali lake la kaburi. Yeye akikata, amesema mimi si mtoto wa baba yetu, nami siwezi kuishi juu ya neno hilo. Akiniomba, amekubali mimi ndiye mwenyewe. Nikimpa bila kuombwa, ni kumtukana. Tulikuwa tumejifunga vizuri sana, kazi ya mikono yetu.

Asubuhi moja nikamwona kwenye mpaka wa shamba. Amekonda. Panga liko kwapani limefungwa gunia, kama mtu anayeficha mkate.

"Amahoro," akasema.

"Amahoro."

"Nimekuja kusoma. Wanasema hapa iko maktaba."

"Karibu. Unataka kitabu gani?"

"Kile cha mujinga aliyepanda muti kwa shamba la watu."

"Hicho kimeazimwa. Kimebaki kile cha mkubwa aliyewajengea samaki nyumba."

Sikupaswa kukisema hicho. Alitazama juu kwenye vichwa vya miti.

"Nataka kukata fito zangu," akasema. "Zangu tu. Zako sitaki hata ya kuchokolea meno."

"Kata zako. Zako ni zipi?"

Akaingia, akaangalia huku na huku. Miche ilitoka pepinieri moja, siku zilikuwa zimepita, mistari ilikuwa imeshakufa. "Zilizonyooka ni zangu," akasema.

"Zote zilizonyooka?"

"Iliyopinda imetoka kambini."

"Huu hapa umenyooka na niliupanda mimi, nakumbuka jiwe hili."

"Jiwe lilikuwa langu!"

Tukaenda hivyo, mti kwa mti, wazee wawili wenye magoti mabovu, tunasukumana mabega kwa ajili ya fito zenye unene wa mkono. Jua likapanda. Hakuna aliyekata kitu.

Wake zetu walitukuta hapo. Shemegi wangu, mke wake, ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuuzia samaki, ukimsikia Magara unadhani yuko Rumonge. Walikuwa wamekuja pamoja, ndilo lililonishtua, na kila mmoja alikuwa na panga.

"Mumemaliza?" akauliza shemegi.

"Bado," akasema mume wake.

"Basi muendelee."

Wakatupita. Mke wangu akachagua mti, akaupiga chini, mara mbili tatu, ukaanguka. Shemegi akaupiga wa jirani yake.

"Mama watoto!" nikaita. "Ukikata..."

"Nikikata nini?" Hakugeuka. "Nitakuwa nimejiita mwenye shamba? Asante. Waite wazee waje waniandikie."

Kwa mila yetu mwanamke harithi shamba la baba yake, na la mume ni la mume. Amekata kuni maisha yake yote na hakuna mshingantahe aliyewahi kumuuliza panga lake linamaanisha nini. Panga lake halimaanishi kitu. Sisi wanaume ndio tuliotunga hivyo, tukakaa tukanywa bia juu yake, na siku ile sheria tuliyowanyimia shamba ndiyo iliyowaacha wao peke yao huru, na sisi wenye shamba tumesimama kama mbuzi waliofungwa kamba.

Yule mkubwa wa bashingantahe alisikia mapanga, akaja mbio kwa kadiri ya miguu yake. Koo lilikuwa tayari.

"Nani amekata?"

"Wanawake," mukubwa wangu akajibu.

Mzee akafikiri. "Ah," akasema. "Basi hakuna aliyekata."

Akaomba fito mbili za jiko lake. Shemegi akampa moja, iliyopinda.

Zilizonyooka nene kidogo wakazitenga kwa nyumba. Zilizobaki wakamuuzia mfanyabiashara Mukongomani wa Rumonge, bei walijadiliana wao, sisi hatukuambiwa, na yakarudi mabati. Nyumba ikasimamishwa palepale juu ya shamba, nguzo na fito na udongo, na walipomaliza ya shemegi wakaongeza chumba na jiko upande wangu. Wanaume tulipewa kazi ya kukanyaga udongo. Tumekanyaga shimo moja, suruali zimekunjwa, mukubwa wangu ananiambia nakanyaga kama mtu anayekimbia polisi, mimi namwambia yeye anakanyaga kama bata. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile surua sisi wawili kuweka miguu mahali pamoja bila mtu kuuliza ni pa nani.

Visiki vya mkaratusi havifi. Kila kimoja kimetoa machipukizi matatu manne, membamba, yanakimbia juu tena. Sijui ni ya nani. Wake zetu wanajua, wanapita wanayapunguza.

Na msitu ulipoondoka, jua likaingia. Mukubwa wangu alikuwa amekaa mbele ya nyumba mpya, uso unamtiririka jasho, ananung'unika kama kawaida yake.

"Hapa iko jua la kuua," akasema. "Miaka yote hii unakaa hapa, hata muchikichi moja hukuweza kupanda?"

Nikamtazama nione kama anacheka. Alikuwa anatazama ziwa kule chini.

"Si ulinikataza?"

"Nilikukataza ujinga. Muchikichi nani alikukataza?"

Ndani ya nyumba mke wangu aliacha kuosha vyombo. Nilisikia ameacha.

Kesho yake nikaleta mche wa mchikichi, ule mti wa mawese unaokaa, kutoka Rumonge, nikaanza kuchimba shimo. Mukubwa wangu akaja, akasema shimo ni dogo, Tanzania labda wanapanda vitunguu. Akaninyang'anya jembe. Alichimba mpaka kiunoni, nilipotaka kumpokea akakataa. Alipotoka akaketi kwenye udongo, akajipangusa, akausukuma mche kwangu.

"Weka wewe," akasema. "Mimi mugongo unaniuma."